Haki Haizeeki: Muda wa Kushitaki Makosa ya Tiba katika Fiqhi na katika Sheria Yetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Maswahaba zake na kila anayefuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Tumepokea swali kutoka kwa imamu wa msikiti mmoja wa Kirua Vunjo, katika miteremko ya Kilimanjaro, mkoani Moshi kama wazee wetu walivyozoea kusema. Mama mmoja katika jamaa yake alijifungua kwa upasuaji katika hospitali ambayo hatutaitaja. Tangu siku ile tumbo halikumwacha. Kila aliporudi kulalamika aliambiwa kuwa ni maumivu ya kovu na yatakwisha. Baada ya miaka miwili na miezi minne, madaktari wa hospitali nyingine walimpasua tena na wakamtoa kitambaa cha kufutia damu kilichosahauliwa ndani.

Mume alitaka kwenda mahakamani siku ile ile. Imamu akamzuia. Akamwambia kwamba subira ni nusu ya imani, na kwamba sulhu ni kheri. Wazee wa ukoo wakateremka mjini kuonana na wakubwa wa hospitali. Wakapokewa vizuri, wakaambiwa warudi baada ya mwezi, kisha baada ya mvua za masika, kisha baada ya kikao cha bodi. Miezi 13 ikapita. Walipomfikia wakili, aliwauliza tarehe ya upasuaji wa kwanza, akahesabu, akawaambia: mmechelewa kwa miezi mitano.

Imamu anatuuliza mambo mawili. Kwanza, je, haki ya mama huyu imekufa mbele ya Allah kwa sababu siku zimepita? Pili, na hili ameliandika mwishoni kwa maneno machache: "Je, Masheikh wetu, mimi niliyemzuia nina dhambi?"

Tutajibu yote mawili, lakini hatuwezi kujibu kabla ya kurudi nyuma tuone Waislamu waliotutangulia walilichukuliaje suala la muda katika kudai haki.

DAKTARI NA DHAMANA

Asili ya mlango huu ni Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah kutoka kwa Amr bin Shuaib, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake. Maana yake ni kwamba mwenye kujifanya tabibu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, yeye ni mwenye kudhamini, yaani atalipa madhara aliyoyasababisha.

Ama tabibu mjuzi, aliyeruhusiwa na mgonjwa, akafanya kama wafanyavyo mafundi wa kazi yake, huyo hadhamini hata kama mgonjwa atakufa. Imam Shafii (Allah amrehemu) ameliweka wazi hilo katika Al-Umm anapozungumzia mpiga chuku na mwenye kutahiri. Kipimo ni kile kinachofanywa na wenye ujuzi wa kazi ile. Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria, sawa na 1350 Miladia) naye katika Zad al-Maad amewagawa matabibu kwa hali zao, akamtenga mjuzi aliyeitimiza kazi yake na mjuzi ambaye mkono wake uliteleza ukaharibu kiungo kisichohusika. Huyu wa pili ana dhamana, kwa sababu ni kosa la bahati mbaya, na kosa la bahati mbaya halimwondolei aliyeumizwa haki yake.

Lakini tuangalie pia rehema ya sheria kwa aliyekosea. Diya ya kuua kwa bahati mbaya hubebwa na aqila, yaani jamaa wa upande wa baba, nayo hugawanywa ilipwe katika muda wa miaka mitatu. Basi tangu mwanzo sheria yetu imetazama pande mbili: aliyeumizwa asipotelewe na haki, na aliyekosea asivunjwe mgongo. Atakayesoma suala la muda kwa jicho moja tu hatalifahamu.

BARUA YA UMAR KWA ABU MUSA

Miongoni mwa nyaraka mashuhuri za historia ya ukadhi ni barua ya Amirul Muuminina Umar bin al-Khattab (r.a.), aliyeongoza kuanzia mwaka 13 hadi 23 Hijria, kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.). Imepokewa na Ad-Daraqutni na Al-Bayhaqi. Ibn Hazm aliitia ila, lakini mafakihi wengi wameipokea kwa kuikubali, na Ibn al-Qayyim ameisherehesha kwa kirefu katika Ilam al-Muwaqqiin.

Ndani ya barua ile yamo mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, Umar anamwamuru kadhi ampangie muda yule anayedai haki ambayo haipo mkononi mwake, au ushahidi ambao hajauleta. Akiuleta ndani ya muda atapewa haki yake, na asipouleta atahukumiwa. Anaeleza na sababu: kufanya hivyo kunaondoa shaka na kunamkatia mtu udhuru wake.

La pili, katika barua hiyo hiyo Umar anamwambia kadhi kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kurudi kwenye haki akiiona leo, kwa kuwa haki ni ya tangu kale, na kuirudia ni bora kuliko kuendelea katika batili.

Muda na haki vimewekwa katika barua moja, wala havipigani. Muda ni kwa ajili ya kadhi na kwa ajili ya mshitakiwa, ili kesi isining'inie juu ya kichwa cha mtu maisha yake yote. Mashahidi hufa, wauguzi huhamishwa, faili hupotea, kumbukumbu huchanganyika. Allah (s.w.) ametuamuru tuandike deni na muda wake, na katika Aya hiyo hiyo (2:282) amebainisha kwamba shahidi anaweza kusahau. Ama haki yenyewe haina umri.

GOTI LA ALIYECHOMWA

Swali gumu zaidi ni hili: muda unaanza kuhesabiwa lini? Hapo ndipo uadilifu unapopatikana au kupotea.

Imam Ahmad na Ad-Daraqutni wamepokea kisa cha mtu aliyechomwa kwa pembe katika goti lake. Akamwendea Mtume (s.a.w.) akitaka kisasi. Mtume akamwambia asubiri mpaka apone. Akarudi tena akishikilia, akapewa alichotaka. Baadaye akaja akasema kwamba amekuwa kiwete. Mtume (s.a.w.) akamkumbusha kuwa alimkataza akaasi, kisha akakataza kulipizwa kisasi cha jeraha mpaka mwenyewe apone.

Jamhuri ya wanazuoni wamechukua kutoka hapa kwamba jeraha halihukumiwi mpaka mwisho wake ujulikane. Imam Shafii ameruhusu kisasi kabla ya kupona, lakini ameona kungoja ni bora. Hekima yake iko wazi kwa kila aliyeuguza mgonjwa. Jeraha la leo si lazima liwe ndilo jeraha la mwakani. Mwenye kulazimishwa kudai kabla hajajua ameumia kiasi gani, au hajajua kabisa kama ameumizwa, amelazimishwa kudai asichokijua.

KUANZIA SIKU YA KUJUA

Katika madhehebu yetu ya Shafii kuna mlango mmoja ambao muda wake ni mfupi sana: mlango wa kurudisha bidhaa yenye aibu. Mnunuzi akigundua aibu, inampasa airudishe papo hapo, na akizembea haki yake ya kurudisha imeanguka.

Lakini tazama jinsi Imam Nawawi alivyoupanga ukali huo katika Al-Minhaj. "Papo hapo" inahesabiwa kuanzia siku ya kuijua aibu, hata kama bidhaa ilinunuliwa zamani. Tena inahesabiwa kwa ada ya watu: akiijua naye yumo katika Swala, amalize Swala yake, akiwa anakula, amalize kula, akiijua usiku, angoje kupambazuke. Na wanazuoni wa madhehebu wakaongeza kwamba asiyejua kuwa ana haki ya kurudisha husamehewa, ikiwa ni mgeni katika Uislamu au amekulia mbali na wanazuoni.

Mafakihi walimwona mkulima wa mlimani tangu zamani. Kama wamemtazama hivyo katika mbuzi mwenye aibu, vipi kuhusu kitambaa kilichoachwa ndani ya tumbo la mzazi?

MIAKA 15 YA ISTANBUL

Katika karne ya 16, katika zama za Sultan Suleiman na Sheikhul Islam Ebussuud, dola ya Uthmaniya iliwakataza makadhi wake kusikiliza madai yaliyoachwa kwa zaidi ya miaka 15 bila udhuru. Hoja ya mafakihi wa Kihanafi ilikuwa kwamba kadhi ni naibu wa mtawala, na mtawala anaweza kumwekea mpaka wa mahali, wa aina ya kesi na wa wakati.

Baadaye jambo hili liliandikwa katika Majalla, mkusanyo wa sheria uliotolewa kati ya mwaka 1869 na 1876 chini ya usimamizi wa Ahmed Cevdet Pasha. Kifungu cha 1660 kikaweka miaka 15 kwa madai ya kawaida, na cha 1661 kikaweka miaka 36 kwa asili ya wakfu. Kisha vikafuata vifungu vya uadilifu. Kifungu cha 1663 kinasema muda hauhesabiwi dhidi ya mwenye udhuru: mtoto mdogo, mwendawazimu, aliye safari ya mbali, na yule ambaye mdaiwa wake ni mtu mwenye nguvu za kumtisha. Kifungu cha 1674 kinatamka kwamba haki haianguki kwa kupita muda, na mdaiwa akikiri wazi mbele ya kadhi, atahukumiwa alipe hata kama muda umekwisha.

Na Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, ameongeza neno zito. Amesema mtawala aliyewakataza makadhi wake kusikiliza kesi ya zamani, ni wajibu juu yake aisikilize mwenyewe au aamuru isikilizwe, ili haki ya mdai isipotee, maadamu hakujadhihirika hila kwa mdai. Aliyefunga mlango na abaki na ufunguo.

SHERIA YETU LEO

Sasa turudi nyumbani. Kesi za uzembe wa tiba hazimo katika mamlaka ya kadhi, si Zanzibar wala Kenya. Zinasikilizwa na mahakama za kawaida, na Muislamu wa Kirua Vunjo atahukumiwa kwa sheria ile ile ya jirani yake Mkristo.

Waingereza walipoitawala Tanganyika walituletea Sheria ya Ukomo ya India ya mwaka 1908, ambayo kwa madhara ya mwili ilimpa mdai mwaka mmoja. Mwaka 1971 Bunge likatunga Sheria ya Ukomo yetu wenyewe: miaka mitatu kwa madai ya madhara kama haya, sita kwa mikataba, na 12 kwa ardhi. Shauri likiletwa nje ya muda, sheria inaiamuru mahakama ilitupe, hata kama mshitakiwa hakulisema hilo.

Sheria hiyo nayo ina udhuru wake. Aliyeumizwa akiwa mtoto au mwendawazimu, muda wake unaanza siku hali hiyo inapoondoka. Ikiwa haki yake ilifichwa kwa udanganyifu wa mshitakiwa, muda unaanza alipougundua au alipoweza kuugundua kwa juhudi ya kawaida. Na Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza, akiona ni haki, kuongeza muda usiozidi nusu ya ule uliowekwa. Kwa madai ya miaka mitatu, nusu yake ni mwaka mmoja na nusu. Msomaji atakumbuka maneno ya Ibn Abidin na ufunguo wake.

Ama mgonjwa ambaye hakufichwa kwa hila, ila yeye na daktari wote hawakujua, hapo sheria yetu haikumwekea kifungu cha wazi. Kenya wanacho: sheria yao nayo inatoa miaka mitatu, lakini inairuhusu mahakama kumwongezea muda mwenye jeraha la mwili ambaye hakuyajua mambo ya msingi ya dai lake. Uingereza kwenyewe, kwa sheria yao ya mwaka 1980, miaka mitatu huhesabiwa kuanzia siku ya jeraha au siku ya kujua, ipi iliyo ya baadaye. Waliotuletea hesabu ya kuanzia siku ya tukio wao wenyewe wameiacha katika madhara ya mwili.

Pengo hili halionekani katika makosa yanayojulikana siku ile ile. Novemba 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili walibadilishwa: wa kichwa akapasuliwa goti, wa goti akapasuliwa kichwa. Nchi nzima ilijua kwa siku chache. Lakini kitambaa tumboni hakipigi kelele, na wagonjwa wa namna hiyo ndio ambao hesabu ya siku ya tukio inawaonea.

Kuna na jambo la hospitali za Serikali. Huko haitoshi kujua miaka mitatu. Kabla ya kuishitaki Serikali ni lazima kutoa taarifa ya maandishi ya siku zisizopungua 90, na nakala yake kwa Mwanasheria Mkuu. Shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu huunganishwa. Mwenye kushtuka mwezi wa mwisho amekwisha kuchelewa.

Katiba yetu, katika Ibara ya 107A iliyoongezwa mwaka 2000, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa mno na masharti ya kiufundi. Lakini mahakama zimeona kwamba ukomo wa muda si sharti dogo la kiufundi, kwa kuwa unagusa mamlaka yenyewe ya kusikiliza. Na zimesema zaidi ya mara moja kwamba mazungumzo ya mapatano nje ya mahakama hayasimamishi hesabu ya siku. Hapa ndipo walipoangukia watu wetu wa Kirua Vunjo. Siku kitambaa kilipotolewa, mama yule alikuwa na miezi minane mkononi. Sulhu ikaila yote, na ikala mingine mitano juu yake.

JAWABU

Kwa swali la kwanza tunasema: haki ya mama huyu haijafa. Kilichofungwa ni sikio la mahakama, na dhima ya aliyemuumiza iko pale pale mbele ya Allah (s.w.). Ikiwa wahusika wanajua kosa lao, hawaruhusiwi kujificha nyuma ya kalenda. Daktari au hospitali inayosema moyoni "tumekosa, lakini muda umepita" imekiri deni, na deni hulipwa hapa au huko ambako hakuna dinari wala dirham. Allah (s.w.) ametuamuru tuzirudishe amana kwa wenyewe na tuhukumu kwa uadilifu (4:58), na mwili wa mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa ni amana isiyo na mfano.

Wala mlango wa dunia haujafungwa wote. Tangu upasuaji ule imepita miaka mitatu na miezi mitano. Ombi la kuongezewa muda linaweza kupelekwa kwa Waziri, na kipeo cha juu ni miaka minne na nusu, maana yake imebaki miezi 13 kwa kila kitu: kuomba, kujibiwa na kufungua shauri. Na ikithibiti kwamba waliomwambia ni kovu walikuwa wakijua, basi hesabu ya udanganyifu itaanza siku kitambaa kilipoonekana. Hayo mawili wamuulize wakili wiki hii, wasingoje mwezi ujao.

Kwa swali la pili tunasema: ndugu yetu, ulikusudia kheri, na amali huzingatiwa kwa nia. Hatukutii katika madhambi kwa jambo ambalo hukulijua. Lakini tangu leo umejua, na sisi sote tumejua pamoja nawe. Subira tuliyoamrishwa ni kutokukata tamaa na kutomlalamikia Allah. Kuacha kudai haki si sharti lake. Sulhu nayo ni kheri, kama alivyosema Allah (4:128), na sulhu yenye kheri haimnyang'anyi mnyonge silaha yake wakati mwenye nguvu anangoja jua lizame.

Basi tunawausia maimamu wenzetu, wa Kirua Vunjo Mashariki, Magharibi na Kusini, na kote wanakotusoma. Akikujia mgonjwa au aliyefiwa na malalamiko ya tiba, mfariji, umwombee dua, kisha umuulize tarehe. Mwambie aandike siku ya tukio na siku aliyojua. Mwambie aombe kwa maandishi taarifa za matibabu yake, na ahifadhi kila karatasi, hata risiti ya dawa. Mwambie amwone wakili au watoa msaada wa kisheria kabla ya kikao cha kwanza cha sulhu. Kikao kiwe na mwisho unaojulikana, na ahadi ziandikwe. Sulhu na shauri vinaweza kwenda pamoja: shauri likiwa limefunguliwa, wahusika wanaweza kupatana siku yoyote, na mahakama itaupokea upatanisho wao.

Wala tusiwe watu wa kuwatuhumu madaktari kwa kila mauti. Tumeona kipimo cha Imam Shafii: aliyefanya kama wafanyavyo mafundi hana dhamana, hata kama tumelia sana. Uliza kwanza, thibitisha, ndipo udai.

Na kwa wenye kutunga sheria tunasema neno moja. Kuhesabu kuanzia siku ya kujua si jambo geni lililokuja na ndege kutoka Ulaya. Limo katika Minhaj tunayoisoma katika darsa zetu. Kuliandika katika sheria ya nchi hakumdhulumu daktari, kwa kuwa mpaka utakuwepo bado, wala hakumwachi mgonjwa alipe kosa mara mbili: mara moja kwa mwili wake na mara ya pili kwa kutojua kwake.

Tunamuomba Allah (s.w.) amponye mama huyu, amfungulie mlango wake, na atujaalie sisi kuwa miongoni mwa wanaosimamisha haki kwa wakati wake. Amin.

Wallahu a'lam.